Bwawa Lilisimama, Mji Ukazama

Alhamisi ya tarehe 23 Mei 2019, karibu na saa sita mchana kwa saa za Oklahoma, helikopta ya televisheni ilikuwa inazunguka juu ya Mto Arkansas ikirusha picha mubashara. Chini yake, kwenye maji ya rangi ya udongo, matishari mawili yaliyofungwa pamoja yalikuwa yanashuka na mkondo. Hayana nahodha, hayana injini, hayana mtu. Mbele yao kuna ukuta wa bwawa. Chini ya ukuta huo, kilomita chache tu, kuna mji wa watu kama 600 uitwao Webbers Falls. Viongozi wa mji walikuwa wameshatangaza: aliyebaki aondoke sasa hivi, maana matishari yakiubomoa ukuta itakuwa balaa.

Yakafika, yakagonga. Maji yakayalalia, yakazama palepale kwenye milango ya bwawa. Ukuta haukuvunjika. Watazamaji wakashusha pumzi, video ikasambaa dunia nzima, na baada ya siku mbili tatu watu wakawa wanazungumzia mambo mengine.

Sasa, hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Siku hizohizo ambazo dunia ilikuwa inapongezana kwamba bwawa limepona, Webbers Falls uliingia maji. Nyumba zilizama, barabara zikapotea, watu wakawa wanauona mji wao kwa boti. Bwawa halikuvunjika na mji ulizama vilevile. Ukitaka kuelewa ilikuwaje, haitoshi kuangalia ile video. Inabidi uujue mto wenyewe, na uanze mbali kidogo.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Tishari mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa: kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na gati na mizigo ikaletwa kwa matishari. Ni sanduku la chuma linaloelea, halina injini, linakwenda linakopelekwa. Kwenye mito ya Marekani yana vipimo vyake: urefu karibu mita 60, upana kama mita 11, na likijaa hubeba tani 1,500 hivi. Mzigo huo ukiupakia kwenye malori makubwa utahitaji malori kama 60. Boti yenye injini kali huyafunga matishari manane, kumi na tano au zaidi, ikayasukuma kwa nyuma kama mtu anayesukuma mkokoteni. Boti ikiwepo, tishari ni chombo cha biashara. Kamba zikikatika, linabaki kuwa gogo la chuma la maelfu ya tani ambalo halisikii la mtu.

La pili ni bwawa. Sisi tunatumia neno hilohilo kwa ukuta na kwa maji yaliyo nyuma yake, na tukilisikia tunafikiria Mtera au Kidatu: ukuta mrefu, ziwa kubwa, umeme. Lakini mabwawa si ya aina moja. Kuna bwawa la kuhifadhi, ambalo huzuia mafuriko yakaja chini kidogo kidogo. Na kuna bwawa la usafiri, ambalo kazi yake ni kuinua kina cha mto ili vyombo vipite mwaka mzima. Pembeni yake huwekwa loki, yaani chumba cha maji chenye malango mbele na nyuma. Boti inaingia, malango yanafungwa, maji yanajazwa au yanapunguzwa, boti inapanda au inashuka, halafu inaendelea na safari. Bwawa la Webbers Falls, linaloitwa rasmi Loki na Bwawa Namba 16, ni sehemu ya ngazi ya namna hiyo. Siku za kawaida maji ya juu na ya chini yake yanapishana kama mita 9. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Mto Arkansas nao umeundwa. Unaanzia milima ya Colorado, unapita Kansas na Oklahoma, unaingia jimbo lenye jina lake na kumwagika Mississippi, safari ya zaidi ya kilomita 2,300. Zamani haukuwa mto wa meli kubwa. Kiangazi ulikuwa mchanga mtupu na vijito viwili vitatu. Masika ulivimba ukahama njia, ukala shamba la mtu huku ukimletea mwingine ardhi kule. Meli za mvuke za karne ya 19 ziliupanda maji yalipokuwa mengi na kukwama yalipokauka.

Na huo mji una jina la maporomoko, "falls", ingawa leo ukienda hutayaona. Mwanzoni mwa karne ya 19 yalikuwepo, madogo tu, lakini yalitosha kuzisumbua boti. Hapo akaweka duka la biashara Walter Webber, mmoja wa viongozi wa Wacherokee waliohamia magharibi mapema, kabla serikali ya Marekani haijawahamisha kwa nguvu wenzao mwaka 1838 na 1839. Pale boti iliposhindwa kupita, ndipo biashara iliposimama. Mji ulizaliwa kwa sababu ya kikwazo cha mto.

Baadaye akaja Joseph Vann, tajiri mkubwa wa Kicherokee, na mashamba yake na watumwa wake Waafrika. Ndiyo, baadhi ya matajiri wa Kicherokee walimiliki watumwa, na jambo hilo halipaswi kufichwa kwa adabu. Alfajiri ya tarehe 15 Novemba 1842, zaidi ya watumwa 20, wengi wao wa Vann, waliwafungia mabwana zao ndani wakiwa wamelala, wakachukua bunduki, farasi, nyumbu na chakula, wakaondoka kuelekea Mexico, nchi iliyokuwa imeshafuta utumwa. Njiani waliungana na wengine waliotoroka kwa jirani zao wa taifa la Creek. Wiki mbili hivi baadaye askari wa Kicherokee waliwakamata, wakiwa wamechoka na njaa. Watano walinyongwa kwa sababu ya mauaji ya wasaka watumwa wawili waliokutana nao njiani. Wengi wa waliorudishwa kwa Vann aliwapeleka kufanya kazi kwenye meli zake za mvuke.

Angalia mantiki ya hapo. Mtu aliyetoroka shambani anapelekwa kuchochea moto chini ya boila, mtoni, mbali na njia ya kwenda Mexico. Tarehe 23 Oktoba 1844 boila za meli ya Vann iliyoitwa Lucy Walker zililipuka kwenye Mto Ohio karibu na New Albany, Indiana. Watu wengi walikufa, na Vann mwenyewe akiwa mmojawapo. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba vyombo vya mtoni vilianza kuwa hatari kwa watu wa Webbers Falls mwaka 2019, usikubali. Mali imepita mtoni hapo miaka mingi, na mara nyingi faida ilikwenda kwa mmoja, hatari ikabaki kwa wengine.

Tuvuke miaka mia moja. Mei 1943 mto ulifurika vibaya sana. Kwenye mji wa Muskogee, juu kidogo ya Webbers Falls, kipimo cha mto kilifika futi 48.2, karibu mita 15, na rekodi hiyo haijavunjwa mpaka leo. Nchi ilikuwa vitani, chakula kinahitajika, na mashamba ya bondeni yamegeuka ziwa. Oklahoma ilikuwa na gavana mpya, Robert S. Kerr, mfanyabiashara wa mafuta mwenye ndoto kubwa. Jimbo la jirani lilikuwa na seneta mpya, John L. McClellan. Wawili hawa waliuona mto kama dawa ya umaskini wa majimbo yao: ukifugwa, utaacha kuzamisha watu, utatoa umeme na utabeba nafaka, mbolea na chuma mpaka baharini kwa bei nafuu kuliko reli.

Mwaka 1946 Bunge la Marekani liliidhinisha mpango huo. Kerr akaingia Seneti mwaka 1949 na kuusukuma mpaka alipofariki tarehe 1 Januari 1963, kabla ya kuona boti hata moja ikipita. Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani ndicho kilichojenga. Tarehe 5 Juni 1971 Rais Richard Nixon alikwenda bandari ya Catoosa, karibu na Tulsa, kuifungua njia hiyo ya maji. Ilikuwa na urefu wa kilomita 716, na tofauti ya kimo toka Catoosa hadi Mississippi ni kama mita 128, ambazo boti huzipanda na kuzishuka loki kwa loki. Njia yenyewe imepewa majina ya maseneta wote wawili: McClellan-Kerr.

Tusiwe wachoyo wa sifa, ilikuwa kazi kubwa. Jimbo lililo katikati ya bara likapata bandari. Lakini kwenye hotuba za namna hii, wakati wowote na nchi yoyote, ahadi mbili huchanganywa zikawa kama moja: "tutazuia mafuriko" na "tutapitisha meli". Kuzuia mafuriko ilikuwa kazi ya mabwawa makubwa ya juu, kama Keystone lililokamilika mwaka 1964 juu ya Tulsa. Mabwawa ya loki huko chini yalikuwa ya kupitisha meli. Mwananchi anayeishi chini ya ukuta wa zege haoni tofauti. Yeye anaona ukuta, anaona maji upande wa pili, na anajisemea kwamba ukuta huu ndio unaonilinda.

Mji wa Webbers Falls basi ukawa kando ya barabara ya maji, na juu yake, kwenye daraja, ikapita barabara kuu ya magari namba I-40 inayokatiza nchi kutoka mashariki hadi magharibi. Mahali barabara mbili zinapopishana ndipo ajali hukaa kusubiri. Asubuhi ya Jumapili tarehe 26 Mei 2002, boti iitwayo Robert Y. Love ilikuwa inapanda mto ikisukuma matishari mawili matupu. Nahodha alizimia usukani ukiwa mikononi mwake. Wachunguzi baadaye waliona kwamba huenda mapigo ya moyo wake yalivurugika. Dakika chache zikatosha. Matishari yalitoka kwenye njia, yakagonga nguzo, na kipande cha daraja cha zaidi ya mita 150 kikaanguka mtoni.

Madereva hawakuona. Magari yaliendelea kuja kwa mwendo wa barabara kuu na kutumbukia, moja baada ya jingine. Chini walikuwepo wavuvi waliokuwa kwenye mashindano ya kuvua samaki. Mmoja akafyatua fataki ya dharura kuelekea barabarani, na dereva wa lori aliyeiona akafunga breki, magari ya nyuma yake yakasimama. Hata hivyo magari madogo manane na malori makubwa matatu yalishaanguka. Watu 14 walikufa. Wengi wao walikuwa wapita njia, hawakuwa na habari na mto, na pengine hata jina la mji hawakulijua.

Kwa hiyo mwezi Mei 2019, zikiwa zimebaki siku tatu tu kutimia miaka 17 ya ajali ile, watu wa Webbers Falls walipoambiwa kuna matishari mawili yamekatika, neno hilo halikuwa geni. Mji ulikuwa unalijua tishari kwa sura yake mbaya. Wapo waliozishika funguo za gari kabla ya kumaliza kusikiliza tangazo, na mimi siwashangai.

Tuseme sasa maji yenyewe yalitoka wapi. Mei ile mvua za radi zilipiga Kansas na Oklahoma wiki baada ya wiki. Ardhi ilishiba. Karibu na Muskogee mito mitatu inakutana, Arkansas, Verdigris na Grand, na yote mitatu ilikuja imejaa. Bwawa la Keystone, lile la kuhifadhi, lilikuwa linakaribia kikomo chake. Wahandisi wakafungua milango zaidi na zaidi, mpaka mwishoni mwa mwezi wakawa wanatoa futi za ujazo 275,000 kwa sekunde, yaani karibu mita za ujazo 7,800 kila sekunde. Mwaka 1986 lilishawahi kutoa zaidi ya hapo, zaidi ya futi 300,000, na wakazi wa Tulsa wanaukumbuka mwaka huo.

Waliokuwa chini waliuliza swali ambalo huulizwa chini ya kila bwawa duniani, na Rufiji nao wanalijua: kwa nini hamkufungua mapema, kidogo kidogo? Jibu la wahandisi pia ni la siku zote: ukifungua mapema, unamwaga maji juu ya watu ambao tayari wamefurika huko chini, na hujui mvua ya kesho. Majibu hayo si ya uongo. Ila ukweli wake ni kwamba bwawa la kuhifadhi halifuti mafuriko. Linachagua yaje lini na kwa kiasi gani, na uwezo wake wa kuchagua unaisha siku ziwa linapojaa. Kuanzia hapo bwawa na mto ni kitu kimoja.

Muskogee kipimo kilifika futi 46 na kidogo tarehe 26 Mei, cha pili kwa ukubwa baada ya kile cha 1943. Kuna kijimambo kimoja hapo kinachoonyesha hali ilivyokuwa. Kwenye bustani ya kumbukumbu ya vita mjini humo kuna nyambizi ya zamani, USS Batfish, iliyozamisha nyambizi tatu za Japani Februari 1945. Tangu miaka ya 1970 imekaa nchi kavu kama sanamu. Mafuriko ya 2019 yalipoingia bustanini, nyambizi ikaanza kuelea! Ikabidi wahusika waikimbilie, waijaze maji matangi yake na kuifunga, wasije wakawa na chombo kingine cha chuma kinachotembea chenyewe. Kama nyambizi iliyokaa nchi kavu miaka zaidi ya arobaini inaweza kuondoka, matishari yaliyo mtoni tayari utayazuia na nini?

Huzuiwa kwa kamba za chuma, na kamba hizo zina mipaka. Tishari likiwa gatini hufungwa kulingana na kimo cha maji cha siku hiyo. Maji yakipanda mita nyingi, pembe ya kamba inabadilika, na kamba iliyokuwa imelegea inakaza. Mafuriko huja pia na magogo na miti mizima yenye mizizi, inayojikusanya mbele ya matishari na kuwa kama tanga ndani ya maji. Na nguvu ya mkondo haiongezeki kwa hesabu ya moja kwa moja: mwendo wa maji ukiwa mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Ndiyo maana mafundi wa mtoni, maji yakianza kupanda, huongeza kamba na kuweka boti yenye injini kulinda usiku kucha. Usiku wa Jumatano tarehe 22 Mei, matishari mawili yenye mbolea ya fosfeti yalikatika Muskogee na kuanza safari. Yalikwama mahali kwa muda, yakanasuka tena, na mchana wa Alhamisi yakafika pale helikopta ilipoyakuta.

Je, watu waliogopa bure? Hapana. Historia ya mito ya Marekani ina mifano ya kutosha. Machi 1972, kwenye Mto Ohio pale Louisville, Kentucky, tishari lenye tani 640 za klorini ya kimiminika lilikatika na kunasa kwenye bwawa la McAlpine. Maelfu ya wakazi wa kando ya mto ilibidi wahamishwe wakati wa kulinasua, maana klorini ikivuja ni sumu inayotembea na upepo. Januari 2005, kwenye mto huohuo wa Ohio, matishari yaliyokatika yalizama kwenye milango ya bwawa la Belleville. Milango haikuweza kufungwa, na maji ya juu yakashuka mpaka boti zikakosa kina. Na Aprili 2013, kwenye Mto Illinois uliokuwa umefurika, matishari saba yaliiponyoka boti yake karibu na mji wa Marseilles yakaenda kugonga bwawa. Baadhi yalizama mbele ya milango na kuziba njia ya maji. Maji yaliyonyimwa njia yakatafuta nyingine, mji ukafurika, watu kama 1,500 wakahama.

Mifano hii inafundisha jambo ambalo video ya Oklahoma haikuonyesha. Ukuta si lazima uvunjike ndipo watu waumie. Tishari likinasa mlango ukiwa wazi, ziwa linakauka. Likiuziba, mto unapanda na kwenda kwa majirani. Bwawa la usafiri linaishi kwa milango yake. Usipoweza kuifungua wala kuifunga, zege lako lote ni mapambo.

Sasa turudi kwenye zile mita 9 za siku ya kawaida. Mafuriko makubwa yakija, wahandisi wa bwawa la usafiri huinua milango yote, mto upite. Maji ya chini nayo yanapanda, kwa sababu mto wote umevimba. Ile ngazi inaanza kupotea, na kila maji yanapozidi, tofauti ya juu na chini inazidi kupungua. Kwa maneno mengine, siku bwawa linapoonekana kutisha kuliko siku zote, ndiyo siku ambayo linashikilia kidogo kuliko siku zote. Lingevunjika ingekuwa hasara kubwa, na wimbi la ghafla ni jambo la kuogopwa na kila mwenye akili. Lakini yale mafuriko yaliyokuwa yanakuja Webbers Falls hayakuwa yamezuiwa nyuma ya Namba 16. Yalikuwa yanapita katikati yake, mbele ya kamera, kwenye milango iliyo wazi, muda wote ule tuliokuwa tunayatazama matishari.

Hapo ndipo uzito wa kisa hiki ulipo kwangu. Hofu ilikuwa ya kweli, lakini ilielekezwa kwenye kitu kinachopigika picha. Tishari lina umbo, lina mwendo, lina saa ya kufika. Unaweza kuhesabu dakika. Maji yanayopanda sentimita kwa sentimita hayana kilele cha kusubiri, hayana sauti ya kugonga. Mji ulikuwa umeshaambiwa uhame kwa ajili ya mto hata kabla habari ya matishari haijakolea, na siku zilizofuata mto ukafanya kilichotarajiwa. Hakuna aliyeshangaa, kwa hiyo hapakuwa na habari. Kijiji jirani cha Braggs kikazungukwa na maji na kukatwa na dunia. Chini zaidi, mpakani mwa jimbo la Arkansas, kwenye kipimo cha Van Buren, mto ulivunja rekodi yake tarehe 1 Juni, ukifika futi 40.79. Ni wangapi kati ya walioangalia matishari yakizama walikuwa bado wanaangalia siku hiyo?

Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Kwa mto wenye kilomita 716 za njia ya meli, Webbers Falls ni alama ndogo tu kwenye ramani. Usafiri wa matishari ulisimama kwa miezi, na hasara ya wakulima na makampuni ilizungumzwa kwa lugha ya mamilioni ya dola. Hasara ya mji wa watu 600 haina lugha kubwa namna hiyo. Ni magodoro yaliyotupwa barabarani, ukuta wa nyumba wenye mstari wa tope, na bibi anayejiuliza kama arudi au ahamie kwa mwanawe mjini.

Na hili silisemi kuwalaumu waliotoa tangazo. Kiongozi wa mji akiona tani maelfu za chuma zinakuja, na kumbukumbu ya watu 14 iko mlangoni kwake, anachopaswa kufanya ni kupiga kelele, na alipiga. Kelele zile huenda ziliwatoa watu ambao maji ya polepole yasingewatoa. Tishari lililokatika likafanya kazi ambayo kipimo cha mto kimeshindwa kuifanya kwa miaka mingi: likawashawishi watu.

Kinachonisumbua ni kile kinachobaki kwenye kumbukumbu baada ya kelele. Ukiuliza leo, wengi watakwambia: "Ah, yale matishari? Bwawa lilistahimili." Ni kweli. Zege la mwaka 1970 lilifanya kazi yake, na matishari yalikuja kuondolewa baadaye. Lakini sentensi hiyo inaukata mji nje ya hadithi yake wenyewe. Inaufanya ukuta kuwa mhusika mkuu na matishari kuwa adui, halafu pazia linashuka. Watu wanaopaswa kuamua mambo magumu, kama nani alipe kamba zaidi gatini, nani aruhusiwe kujenga bondeni, Keystone libaki na nafasi kiasi gani kwa ajili ya mvua ya mwezi ujao, wanaachwa waende nyumbani na ushindi.

Maporomoko yaliyoupa mji jina hayaonekani tena. Watumwa wa Vann waliojaribu kuondoka bondeni hapo walirudishwa wakatiwa melini. Wale 14 wa darajani wana mnara wao wa kumbukumbu. Mafuriko ya 2019 yana video ya dakika chache ambayo ndani yake, ukiitazama mpaka mwisho, mji wa Webbers Falls hauonekani hata mara moja.